Mafuta ya kwenye mwani: mwongozo kamili wa kuyajua, kuyapigia hesabu na kuyala

Siku hizi ukifungua simu hukosi mtu anauza jeli ya mwani, kikopo kimoja maneno kibao, eti ina omega-3 (yale mafuta mazuri ya kwenye samaki) ya kutosha, eti achana na samaki, eti moyo, ubongo, ngozi, nywele, kila kitu kinapona humohumo. Na upande wa pili kuna wale wanaosema mwani hauna mafuta hata chembe, ni majani ya baharini tu ya kuwauzia wageni wakatengenezee dawa ya meno. Wote wameshika nusu nusu. Mafuta yamo, na ni ya aina nzuri kweli, ila ni kidogo mno, na hapo kwenye kidogo mno ndo watu wanapopigwa. Kwaiyo twende hatua kwa hatua, ujue yamo mangapi, uyapigie hesabu mwenyewe bila kumtegemea muuzaji, halafu uule mwani wako kwa namna ambayo hicho kidogo kinakufaa.

Hatua ya 1: Jua unaongelea mwani gani

Mtu akikwambia "mwani una omega-3" swali la kwanza ni mwani upi, maana zinatofautiana kama samaki wanavyotofautiana. Kwa matumizi yetu gawa kwa rangi, inatosha.

Wa kwanza ni mwekundu. Humu ndo kuna spinosumu na kotonii wanaolimwa Unguja na Pemba, na pia nori ya Wajapani, ile karatasi nyeusi ya kukunjia sushi. Usishangae kwamba spinosumu ukimwona shambani anaweza kuwa kahawia au kijani kabisa, ukoo wake ni mwekundu. Wa pili ni kahawia: wakame, kombu, hijiki, wote wa maji ya baridi huko Asia ya mashariki. Wa tatu ni wa kijani, yale majani laini kama saladi yanayoota kwenye mawe ufukweni.

Kwa sie wa huku stori kubwa ni spinosumu. Kilimo cha biashara kilianza 1989 upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, mbegu ikaletwa kutoka Ufilipino, na mpaka leo wengi wanaolima ni kina mama, wanashuka bamvua maji yakitoka, na kamba zao na tai-tai (vikamba vya kufungia mbegu) na vigingi. Kotonii ndo mwenye bei nzuri zaidi lakini joto la bahari limemshinda, anaugua anakatika, kwaiyo mavuno mengi sasa ni spinosumu. Na wote wawili hawakulimwa kwa ajili ya sahani, walilimwa kwa ajili ya karaginani, ule utando unaogandisha maziwa, dawa ya meno na soseji. Habari ya kuula imekuja baadae, saladi, juisi, jamu, na sasa hii jeli ya mitandaoni ambayo Marekani na Uingereza inauzwa kwa bei ya kutisha.

Hatua ya 2: Elewa mafuta yamekaa wapi, maana hapo ndo kila kitu kinaanzia

Karanga ina ghala, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta imeyaweka akiba kwa ajili ya mche utakaoota, mwani hauna ghala, mafuta yake ni yale yaliyomo kwenye kuta za nyumba. Yaani tando zinazozunguka seli, na hasa zile sehemu za kijani zinazopokea mwanga wa jua. Ndomana huwezi kukamua mwani ukapata mafuta ya kupikia, hata ukamue gunia.

Kwa namba: mwani mkavu kwa kawaida una mafuta kati ya asilimia 1 na 5 ya uzito wake. Spinosumu na kotonii wapo chini kabisa ya hiyo ngazi, hesabu asilimia 1 hutakosea sana. Nori hesabu 2. Wakame 3 hivi. Na hapo ni mkavu, ule mbichi unaotoka baharini karibu asilimia 90 ni maji, kwaiyo gawanya tena kwa kumi.

Sasa kuna kitu hawakwambii. Ile namba ya "mafuta" inayotoka maabara inapatikana kwa kuloweka mwani kwenye kimiminika kinachoyeyusha mafuta halafu wanapima kilichoyeyuka. Kinachoyeyuka sio mafuta peke yake, inatoka na ile rangi ya kijani, na rangi za manjano, na vitu vingine visivyo asidi za mafuta, yaani visivyo vile vijenzi vya mafuta yenyewe. Kwenye mwani hivyo vingine mara nyingi vinafika nusu au zaidi. Kwaiyo ukiambiwa gramu 2 za mafuta, mafuta yenyewe haswa yanaweza kuwa gramu 1 tu. Kwenye karanga hii tofauti haionekani, kwenye mwani inakula nusu ya mali.

Haya, ubora je? Hapa mwani unastahili sifa zake. Nori ina EPA nyingi kwa kulinganisha, hiyo ni omega-3 ndefu, ileile inayopatikana kwenye samaki, na kwenye nori inaweza kufika karibu nusu ya asidi zote za mafuta. Wakame nae anayo pamoja na ndugu zake wengine wa omega-3. Mwani wa kijani unabeba zaidi omega-3 fupi, ya aina moja na ya kitani na chia, ambayo mwili inabidi uirefushe wenyewe na kazi hiyo mwili wetu unaifanya kivivu sana. DHA, omega-3 ndefu nyingine, ile inayosifiwa kwa ubongo na macho ya mtoto, kwenye mwani huu wa kula ni kama haipo. Andika hiyo pembeni tutairudia.

Na spinosumu wetu? EPA anayo kidogo, lakini sehemu kubwa ya mafuta yake ni asidi ya palmitiki, ileile iliyojaa kwenye mawese. Sio kosa lake. Kwenye maji ya baridi mmea unahitaji mafuta laini ili kuta zisigande, ndo zile omega, kwenye bahari ya joto kama yetu hamna haja hiyo. Ndo maana kwa jumla mwani wa baridi una omega nyingi kuliko wa kwetu, na mtu akichukua namba za utafiti wa nori ya Japani akazibandika kwenye kopo la spinosumu ya Paje hapo ameshakudanganya hata kama kila namba ni ya kweli.

Kuhusu lehemu (kolesteroli) msihangaike. Mwani mwekundu unayo, ndio, tofauti na mimea ya nchi kavu, lakini ni kiasi cha kupuuza.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla hujatoa hela

Fomula ni moja: gramu za mwani mkavu unazokula, mara asilimia ya mafuta, gawa kwa mbili (ile nusu ya rangi), halafu mara sehemu ya EPA. Lengo la kulinganisha nalo: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inasema mtu mzima apate kama miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku.

Tuanze na nori. Karatasi moja ni gramu 3 hivi. Asilimia 2 ni miligramu 60. Nusu yake 30. EPA tuipe nusu nzima, tumpe upendeleo kabisa, inakuwa miligramu 15. Kwaiyo kufika 250 unahitaji karatasi 17 kwa siku. Nani anakula karatasi 17, na usisahau hapo tumechukua makadirio ya juu.

Twende kwenye jeli. Kwa kawaida mwani mkavu gramu 30 ukilowekwa na kusagwa na maji unatoa jeli kama mililita 600. Vijiko viwili vya chakula ni mililita 30, kwaiyo humo kuna mwani mkavu gramu moja na nusu. Asilimia 1 yake ni miligramu 15. Gawa mbili, 7 na ushee. Hayo ni mafuta YOTE, palmitiki na kila kitu. Hata ingekuwa yote ni EPA, ambayo sio, ungehitaji zaidi ya vijiko 60 kwa siku. Mwambie muuzaji akupigie hiyo hesabu mbele yako uone atakavyobadilisha mada aende kwenye ngozi na nywele.

Sasa linganisha na dagaa wa kopo, gramu 100 zina karibu gramu nzima ya EPA na DHA kwa pamoja. Miligramu 1,000 hizo. Kopo moja la dagaa ukiligawa siku tatu umeshamaliza kazi, na DHA imo. Na hao samaki omega yao wameipata kwenye chakula, inaanzia kwa vijimea vidogo vya baharini visivyoonekana kwa macho, vinaliwa na vijidudu, vijidudu wanaliwa na dagaa, inakusanyika njiani. Sie tukila dagaa tunachukua mzigo ulioshakusanywa.

Kwa asiyekula samaki kabisa, au mwenye aleji nao, kuna vidonge vya mafuta ya mwani na hivyo ni habari nyingine. Hayo mafuta hayatoki kwenye mwani wa kamba na vigingi, yanatoka kwenye vile vidogo visivyoonekana vinavyofugwa kwenye matenki kiwandani, na vingine vina DHA kwa wingi kweli. Ukinunua hakikisha pakiti imeandika miligramu za DHA na EPA kwa kila kidonge. Ikiandika tu "mwani wa baharini miligramu 1,000" hicho ni unga wa mwani umewekwa kwenye kidonge, rudi kwenye hesabu ya juu, asilimia 1 ya gramu moja.

Hatua ya 4: Soma pakiti vizuri

Utakutana na mambo mawili yanayochanganya.

La kwanza, pakiti ya mwani mkavu inaandika mafuta 0. Sio uongo, Marekani kwa mfano mafuta yakiwa chini ya nusu gramu kwa mlo mmoja sheria inaruhusu kuandika sifuri.

La pili ni kinyume, zile pakiti ndogo za nori ya kuchoma ya Kikorea zinazouzwa supamaketi, gramu 5 tu na humo mafuta gramu 2. Mtu anafurahi, kumbe mwani una mafuta mengi! Hapana ndugu yangu. Karatasi zile zinapakwa mafuta na chumvi kabla ya kuchomwa. Mwani wenyewe humo hauzidi gramu 3, mafuta yake ya asili ni kama gramu 0.06, zilizobaki zote ni ufuta au mahindi au kanola walizopaka. Sio kitu kibaya, ni tamu sana kusema kweli, ila unalipia mafuta ya ufuta kwa bei ya nori. Angalia orodha ya viambato, mafuta yakitajwa kwa jina basi namba ya mafuta ni ya hayo. Na chumvi nayo itazame.

Hatua ya 5: Kuchagua mwani wa kula

Ukinunua spinosumu wa kula, usichukue tu wa gunia la kusafirishwa nje. Ule wa kiwandani mara nyingi umekaushwa juu ya mchanga, kwenye majani au pembeni ya barabara, kiwandani wanasafisha hawajali. Tafuta uliokaushwa juu ya chanja, hauna mchanga, na kama unaweza kupata uliokaushwa kivulini ni bora zaidi, kwa sababu jua kali la siku nzima linaua rangi na linaharibu zile omega chache. Ule mweupe kabisa umepigwa jua na maji mpaka rangi imeisha, kwa jeli ni mzuri unavutia, kwa habari ya mafuta na virutubisho vya rangi hamna kitu.

Nori nzuri ni nyeusi inayong'aa, ukiinyanyua kwenye mwanga inaonesha kijani. Ikishaanza kuwa ya zambarau au wekundu wekundu imeingia unyevu au imezeeka.

Mwani wa kuokota mwenyewe sawa, ila angalia unaokota wapi. Mwani unafyonza kilichomo kwenye maji, karibu na mfereji wa maji machafu au bandari achana nao hata uwe mzuri vipi.

Halafu hijiki, ule kahawia mweusi kama nyuzi, mi nasema usinunue. Una aseniki, sumu hiyo, tena ya aina mbaya, na mamlaka za Kanada na Uingereza zilishawaambia watu wao wasiule tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hatua ya 6: Upike na mafuta mengine, hapa ndo kuna faida ya kweli

Kwa mtazamo wangu hii ndo sehemu watu wanaipita haraka na ndo yenye maana kuliko zote. Mwani una rangi zinazoyeyuka kwenye mafuta: beta-karotini kwenye nori ambayo mwili unaigeuza vitamini A, fukozanthini kwenye ule wa kahawia, na vitamini K pia. Hizi zinahitaji mafuta tumboni ili zipite kuingia kwenye damu, na mafuta ya mwani wenyewe hayatoshi. Kwaiyo mwani unaochemshwa na maji matupu ukanywewa kama dawa asubuhi kabla ya kula unapoteza hapo. Ongeza mafuta kidogo, sio mengi, kijiko kimoja kwa sahani kinatosha.

Saladi ya spinosumu naipendekeza hivi, ni ya watu wanne:

Chukua mwani mkavu konzi moja, kama gramu 30. Suuza chumvi na mchanga, loweka kwenye maji baridi masaa mawili au matatu, badilisha maji mara mbili tatu mpaka uonje usisikie chumvi kali. Utavimba na kulainika, matawi yanakuwa kama vidole vinavyong'aa. Chemsha maji pembeni, utumbukize mwani nusu dakika tu, utoe haraka uumwagie maji baridi. Ukiuacha muda mrefu unaanza kuyeyuka, sufuria nzima inakuwa uji wa kuteleza na hapo umeshapata jeli sio saladi. Kata vipande vya kidole.

Kata kitunguu maji, nyanya, tango, pilipili mbuzi kama mnaiweza. Changanya na mwani ukiwa umepoa. Mimina vijiko vitatu vya tui zito, au vijiko viwili vya mafuta ya ufuta au zeituni, na mwisho kabisa ndimu. Ndimu isikutane na mwani wa moto, asidi na moto vinavunja ule ugumu wake unabaki mlenda. Chumvi onja kwanza, mara nyingi hamna haja.

Tui ni mafuta yaliyoshiba, najua kuna mtu atalalamika, lakini vijiko vitatu kwa watu wanne sio kesi. Ukitaka sahani iwe na omega ya kueleweka kweli weka dagaa wa kukaanga kidogo juu au samaki aliyechomwa umchambue umchanganye. Hapo mwani umeleta nyuzinyuzi na madini, tui limebeba rangi, dagaa ameleta EPA na DHA, kila mtu na kazi yake.

Bajia za mwani? Kuleni, ila msiziite chakula cha omega. Kwenye karai la mafuta yanayochemka zile omega chache zinaharibika na unachokula ni mafuta ya karai.

Jeli nayo kama umeshanunua usiitupe, weka kijiko kwenye uji wa maziwa au smuthi ya parachichi, ina nyuzinyuzi laini nzuri kwa tumbo.

Hatua ya 7: Wa kuwa makini

Kizuizi cha kula mwani mwingi ni madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na Ulaya wanaweka ukomo wa juu 600. Rudi kwenye zile karatasi 17 za nori, gramu 51, tukichukua mikrogramu 16 kwa gramu umeshafika 816. Yaani kabla hujapata omega ya siku moja umeshavuka ukomo wa madini joto. Kombu ndo usiseme, gramu 1 tu inaweza kupita mikrogramu 1,000, na ukiitia kwenye supu mengi yanatoka yanabaki kwenye mchuzi, kwaiyo hata ukiitoa bila kuitafuna hujakwepa, itie mara chache sana.

Mwenye shida ya tezi ya shingo aongee na daktari wake kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha, mwani kidogo mara moja moja kwenye chakula sawa, kombu na vidonge vya unga wa mwani hapana. Anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asianze ghafla kula nori au wakame kila siku, vitamini K inapingana na dawa. Na watoto wadogo wapewe kidogo sana.

Hatua ya 8: Kuhifadhi

Omega-3 ndo mafuta yanayoharibika haraka kuliko mengine, adui zake ni mwanga, joto, hewa na unyevu. Mwani mkavu weka kwenye chombo kinachofunga vizuri na kisichopitisha mwanga, kabatini mbali na jiko. Kile kikopo cha kioo juu ya friji dirishani kinapendeza kwa picha tu. Nori ukishafungua pakiti rudishia na kale kapakiti kadogo ka kukausha unyevu, umalize ndani ya wiki chache. Zile zilizopakwa mafuta zinachacha mapema zaidi, ukifungua ukasikia harufu kama ya mafuta ya taa au rangi ya ukutani, tupa, usijaribu kuikaanga eti harufu itatoka.

Jeli ikae kwenye friji wiki moja mpaka mbili, ikianza kutoa maji ya pinki au harufu ya uchachu imekwisha. Ukiwa nayo nyingi igandishe kwenye trei ya barafu, utoe kipande kimoja kimoja. Na spinosumu uliyoloweka ikabaki usiikaushe tena, iweke kwenye friji na uimalize kesho yake.